Makontena ya Programu na Utafiti wa Lugha: Maelezo kwa Wanaisimu wa Ukanda wa Ziwa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza nyenzo moja ya kazi ambayo imekwisha kuenea katika sayansi za maumbile, lakini ambayo wengi wetu katika idara za lugha bado tunaitazama kwa mbali kana kwamba haituhusu. Nyenzo hiyo ni kontena la programu, na hasa matumizi yake katika makundi ya kompyuta zenye uwezo mkubwa. Tutaanza na tatizo la lugha lenyewe, kwa kuwa nyenzo isiyotatua tatizo la mtu haina haja ya kumsumbua. Kisha tutaeleza kontena ni nini, linavyofanya kazi, na mahali linaposhindwa. Mwishowe tutaligusa suala la istilahi, ambalo ni letu zaidi kuliko la wahandisi.

Hoja tunayoitetea ni hii: matokeo ya utafiti wa lugha yaliyopatikana kwa kompyuta hayawi ushahidi mpaka mtu mwingine aweze kuyapata tena kwa njia ile ile. Kontena, pamoja na mipaka yake, humwezesha mtafiti aliyeko Kisumu au Maseno kutumia mashine iliyo mbali bila kupoteza mamlaka juu ya kazi yake mwenyewe.

2. Tatizo: sentensi moja, hesabu mbili

Tuchukue sentensi ifuatayo:

(1) Ng'ombe wake aling'ang'ania ng'ambo.

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili atasema kwamba sentensi hii ina maneno manne. Kompyuta haijui hivyo. Kwake yeye hakuna neno, kuna mfuatano wa alama tu, na neno ni kile kipande ambacho programu imeagizwa kukikata. Programu inayoichukua ritifaa kuwa sehemu ya neno itatoa (2). Ile inayoichukua kuwa mpaka wa neno itatoa (3):

(2) Ng'ombe | wake | aling'ang'ania | ng'ambo (maneno 4)
(3) Ng | ombe | wake | aling | ang | ania | ng | ambo (maneno 8)

Isitoshe, ritifaa yenyewe si moja. Katika Unicode, yaani orodha ya kimataifa ya alama za maandishi ya kompyuta, ritifaa iliyonyooka ni namba 39, na iliyopinda ni namba 8217. Programu nyingi za kuandikia huigeuza ya kwanza kuwa ya pili bila kumwuliza mwandishi. Basi maandiko mawili ambayo jicho la msomaji haliyatofautishi huweza kukatwa kwa njia mbili na programu ile ile. Nayo Dholuo huiandika sauti hiyo hiyo kwa alama hizo hizo, kama katika ng'ato (mtu) na ng'eyo (kujua), kwa hiyo mkusanyiko wowote wa maandiko kutoka ukanda wa ziwa huibeba hatari hii mara mbili.

Je, jambo hili lina uzito gani? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene waliueleza ulimwengu juu ya Kencorpus, kopasi ya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya (kwa lahaja za Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu). Kopasi hiyo ina matini 4,442 zenye maneno yapata milioni 5.6, pamoja na mafaili 1,152 ya sauti yenye urefu wa saa 177. Katika majaribio ya kwanza ya kuigeuza sauti ya Kiswahili kuwa maandishi, walipata kima cha makosa ya maneno cha asilimia 18.87.

Kima cha namna hii hupatikana kwa kujumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa na mashine, kisha kugawanya jumla hiyo kwa idadi ya maneno ya matini sahihi. Turudi kwenye sentensi (1). Mashine ikiandika wale badala ya wake, kosa ni moja. Kwa ukataji wa (2), kima ni moja kwa nne, yaani asilimia 25. Kwa ukataji wa (3), ni moja kwa nane, yaani asilimia 12.5. Mashine ni ile ile, sauti ni ile ile, kosa ni lile lile, lakini ripoti ya pili inaonekana bora mara mbili kuliko ya kwanza. Ni dhahiri basi kwamba mtu atakayetaka kuipita alama ya asilimia 18.87, au kuihakiki, hana budi kuwa na sauti zile zile na matini zile zile, na pia programu zile zile, katika matoleo yale yale na kwa mipangilio ile ile. Kulitaja jina la programu katika aya moja ya makala hakutoshi.

Tena programu huzeeka. Lugha ya programu iitwayo Python, ambayo hutumiwa sana katika kazi za lugha, iliachana rasmi na toleo lake la pili tarehe 1 Januari 2020. Kazi zilizoandikwa kwa toleo hilo, aghalabu, hazikubali kuendeshwa na toleo la tatu pasipo marekebisho, na moja ya tofauti kubwa kati ya matoleo hayo mawili ni jinsi yanavyozishughulikia alama za maandishi. Kwa hiyo tasnifu inaweza kubaki kwenye rafu ya maktaba ikiwa nzima, ilhali hesabu zilizoizaa haziwezi tena kurudiwa na yeyote, hata mwenyewe aliyeiandika.

3. Kundi la kompyuta

Kompyuta moja ya ofisini yatosha kwa kuhesabu maneno milioni tano. Haitoshi kwa kufunza mashine kutambua usemi. Kazi ya namna hiyo hupelekwa kwenye kundi la kompyuta, yaani makumi, mamia au maelfu ya kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi, zikitumia hifadhi moja ya mafaili. Mtumiaji huingia kwa mlango mmoja, huandika ombi la kazi yake, akitaja vichakataji vingapi anavihitaji na kwa saa ngapi, kisha hungoja. Foleni husimamiwa na programu maalum. Mojawapo inayotumiwa sana ni Slurm. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizomo katika orodha ya kimataifa ya mashine zenye nguvu zaidi huendeshwa na mfumo wa Linux, na jambo hili litakuwa na maana katika sehemu ya nne.

Katika bara letu makundi ya namna hii yapo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, inalo lake Nairobi kwa ajili ya utafiti wa vinasaba. Kituo cha taifa cha Afrika Kusini kilichoko Cape Town kilizindua mashine iitwayo Lengau mwaka 2016. Huko Ufini, nchi ambayo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliijengea Kiswahili kopasi mashuhuri pamoja na mfumo wa uchanganuzi uitwao SALAMA, mashine ya LUMI ilizinduliwa katika mji wa Kajaani mwaka 2022.

Shida ya mtafiti mgeni katika kundi kama hilo ni kwamba yeye ni mpangaji, wala si mwenye nyumba. Hawezi kuweka programu apendavyo. Matoleo yaliyopo yamechaguliwa na wengine kwa mahitaji yao. Na wasimamizi wanaweza kuyabadilisha wakati wowote kwa sababu nzuri za usalama. Kazi iliyokwenda vizuri Maseno huweza kukwama Cape Town kwa kukosa maktaba moja ndogo ya programu. Lililo baya zaidi kuliko kukwama ni kazi kwenda mpaka mwisho kimyakimya na kutoa (3) mahali ambapo nyumbani ilitoa (2).

4. Kontena ni nini

Msomaji wa Kisumu anao mfano karibu naye. Reli kutoka Mombasa ilifika ufukoni mwa ziwa mwaka 1901. Kwa miaka mingi mzigo uliokuwa ukivuka ulishushwa kutoka katika behewa, ukabebwa gatini, ukapakiwa melini, na ng'ambo ya pili kazi hiyo ikaanza upya. Kila mkono uliougusa mzigo ulikuwa nafasi ya kuvunjika, kulowana au kupotea. Mwaka 1966 meli ya MV Uhuru ilianza kazi. Meli hii ina reli juu ya sitaha yake. Behewa husukumwa kutoka nchi kavu hadi ndani ya meli likiwa na mzigo wake, na likifika Port Bell, Jinja au Mwanza huviringika tena juu ya reli za huko. Mzigo haukuguswa na mtu.

Kontena la programu hufanya kazi hiyo. Badala ya kupeleka programu peke yake na kutumaini kwamba mwenyeji anazo maktaba zinazofaa, mtafiti hufunga pamoja programu yake, lugha iliyoiandika, maktaba zote inazozitegemea, pamoja na mipangilio ya alama na lugha, vyote kwa matoleo maalum. Furushi hilo huitwa taswira. Taswira inapoendeshwa, mfumo wa Linux huipa programu mtazamo wake wenyewe wa mafaili, hata ikajiona kama kwamba iko katika kompyuta ile ile iliyofungiwa. Taswira ikiwa katika hali hiyo ya kuendeshwa ndipo inapoitwa kontena. Kwa mwanafasihi uhusiano huu si mgeni: taswira ni kama andiko la tamthilia, na kontena ni kama onyesho lake. Andiko moja laweza kuonyeshwa mara kumi, katika kumbi kumi, usiku mmoja.

Hata hivyo mfano wa behewa unatufundisha jambo jingine. Behewa huvuka ziwa kwa kuwa reli za pande zote ni za upana mmoja, yaani mita moja. Behewa la reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017 kwa upana wa milimita 1,435, lisingeweza kuviringika mpaka gati la Kisumu. Vivyo hivyo, kontena la programu halibebi kiini cha mfumo wa uendeshaji. Hutumia kiini cha mashine mwenyeji. Kwa kuwa mashine hizo kubwa zote ni za Linux, upana wa reli, kwa kusema hivyo, ni mmoja. Anayetaka kubeba na kiini pia hutumia mashine ya kuigiza, ambayo ni sawa na kusafiri na reli yake mwenyewe: jambo hilo lawezekana, lakini ni zito.

5. Mgeni na funguo za nyumba

Makontena ya programu yalienezwa na Docker, iliyotolewa mwaka 2013. Lakini Docker, kama ilivyobuniwa, huendeshwa na mtumishi wa mfumo mwenye mamlaka yote ya msimamizi mkuu, na anayeruhusiwa kumwagiza mtumishi huyo huweza, kwa njia isiyo ngumu, kuyafikia mafaili ya kila mtu. Katika kompyuta ya mtu mmoja hilo ni jambo dogo. Katika kundi lenye watumiaji mamia ni kumpa kila mgeni funguo za nyumba nzima.

Jawabu lililoenea zaidi ni Singularity, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, na kuelezwa katika makala ya kitaaluma mwaka 2017. Mwaka 2021 mradi huo ulihamia chini ya wakfu wa Linux, ukapewa jina jipya la Apptainer. Kanuni yake ni nyepesi: mtumiaji ndani ya kontena ni yule yule aliye nje, mwenye haki zile zile na wala si zaidi. Taswira zilizotengenezwa kwa Docker hukubaliwa na kugeuzwa, kwa hiyo kazi ya awali haipotei.

Faida nyingine ni kwamba taswira ya Apptainer ni faili moja. Mkusanyiko wa maktaba za Python kwa kazi ya lugha huweza kuwa na makumi ya maelfu ya mafaili madogo, na hifadhi ya pamoja ya kundi, ambayo imetengenezwa kwa mafaili makubwa, huelemewa kila kazi mia zinapoyafungua yote kwa pamoja. Faili moja hunakiliwa, hupewa alama ya utambulisho, huwekwa maktabani, na hutajwa katika makala kama kitabu kinavyotajwa kwa toleo na mwaka wake.

6. Hatua za kazi

Katika utendaji, mtafiti hufuata hatua hizi:

(a) Huandika faili ya maelekezo, akitaja msingi wa kuanzia, maktaba za kuongezwa pamoja na namba za matoleo yake, na jaribio la mwisho. Twapendekeza sentensi (1) iwe miongoni mwa majaribio: taswira ikitoa idadi isiyokuwa nne, ikataliwe.

(b) Huitengeneza taswira katika kompyuta yake na kuijaribu kwa sehemu ndogo ya matini.

(c) Huipeleka taswira katika kundi. Matini na sauti hazifungwi ndani yake. Hupelekwa mbali na taswira, na kontena huonyeshwa mahali zilipo wakati wa kuendeshwa.

(d) Huandika ombi la foleni, na kazi ikiisha huhifadhi matokeo pamoja na alama ya utambulisho ya taswira iliyoyatoa.

Hatua ya (c) yahitaji mkazo. Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Saa 177 za sauti, zikihifadhiwa kwa sampuli 16,000 kwa sekunde na baiti mbili kwa kila sampuli, ni takriban gigabaiti 20. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, zitachukua yapata saa nne na nusu kusafiri. Hakuna haja ya kuzirudia kila programu inaporekebishwa. Sababu ya pili ni ya maadili, na ina uzito zaidi. Taswira hunakiliwa na kusambazwa. Ndiyo kazi yake. Sauti ya mzee wa Rusinga au Mfangano anayezungumza Olusuba, lugha ambayo wengi wa wenyewe wamekwisha kuihama na kuingia Dholuo, ilitolewa kwa idhini fulani na kwa matumizi fulani. Ikifungwa ndani ya taswira itakwenda kila taswira iendako, na hakuna atakayeweza kuirudisha.

7. Mipaka

Hapana budi kusema wazi mambo ambayo kontena haliyafanyi. Kwanza, taswira iliyotengenezwa kwa aina moja ya kichakataji haiendi kwenye aina nyingine bila kutengenezwa upya. Pili, anayetumia vichakataji vya michoro kwa kufunzia mashine hutegemea programu kiongozi iliyo katika mashine mwenyeji. Ikiwa ni ya zamani mno, kontena halitaiona nguvu hiyo.

Tatu, hata hesabu zenyewe hazilingani daima mpaka tarakimu ya mwisho. Kompyuta ya kawaida ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwanza, kisha 0.3, hutoa 0.6000000000000001, ikianza na 0.2 na 0.3, kisha 0.1, hutoa 0.6. Vichakataji vingi vinavyofanya kazi pamoja havijumlishi kwa mpangilio mmoja kila siku. Kwa hiyo tofauti ndogo kati ya mafunzo mawili ya mashine ni ya kutarajiwa, na mtafiti mwaminifu hutaja matokeo ya majaribio kadhaa, si ya lile lililompendeza.

Nne, faili ya maelekezo inayosema tu "chukua toleo jipya kabisa" haina faida, kwani lililo jipya leo si lile la mwaka ujao. Tano, na hili ndilo kubwa, kontena huhifadhi makosa kwa uaminifu ule ule linaohifadhi usahihi. Programu inayomkata ng'ombe vipande viwili itaendelea kumkata popote itakapopelekwa. Kazi ya kujua neno ni nini inabaki kuwa ya mwanaisimu.

8. Suala la istilahi

Tumetumia neno kontena, nalo lina washindani. Chombo lina maana pana mno: ni jahazi, ni sufuria, ni gazeti, na sisi wenyewe tumeliepuka kwa sababu hiyo. Kasha, ambalo lenyewe tulilipata kwa Wareno, limetumika kwa makontena ya meli na lina uzuri wake, lakini hudokeza kitu cha kuwekea vitu vilivyotulia, ilhali kontena la programu ni kitu kinachotenda. Kwa maana halisi, kama tulivyoona, behewa ndilo lililo karibu zaidi, kwa kuwa nalo husafiri na mzigo wake huku likitegemea reli ya mwenyeji. Lau istilahi hii ingalizaliwa Kisumu, huenda ingekuwa behewa.

Lakini istilahi haichaguliwi kwa maana peke yake. Historia ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta yatosha kutukumbusha kwamba wasemaji nao wana kura. Kontena limekwisha kukaa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, lina wingi wake makontena, na dhana ya kompyuta yenyewe iliazimwa kutoka bandarini. Twapendekeza basi kontena kwa kinachoendeshwa, taswira kwa faili iliyohifadhiwa, na kundi la kompyuta kwa mashine zilizounganishwa. Tofauti kati ya mawili ya kwanza isipotezwe, kwa kuwa wanaoyachanganya huchanganya andiko na onyesho.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kontena la programu si jambo la wahandisi peke yao. Idara ya lugha inayotoa tasnifu za kopasi ingefanya vyema kumtaka kila mwanafunzi aiwasilishe faili ya maelekezo na taswira pamoja na tasnifu yake, kama vile tunavyomtaka aambatishe hojaji na matini alizozichanganua. Gharama yake ni ndogo: faili moja maktabani. Faida yake ni kwamba atakayekuja baadaye, awe Maseno, Dodoma au Helsinki, akitilia shaka hesabu zetu za Dholuo, Kiluhya au Kiswahili, atazirudia mwenyewe. Akikuta tumekosea, tutakuwa tumekosea hadharani na kwa njia inayosahihishika, na hivyo ndivyo taaluma inavyojengwa.